Siku Mtoto Aliposhindwa Kutubebea Maneno

Hebu nambie mwenzangu, weye na mkweo mnasemezana vipi?

Usicheke, nnakuuliza kweli. Maana siku hizi naona kina mama wanakaa ukumbini na waume wa binti zao, wanatazama tamthilia pamoja, huyu anamwambia yule hebu nipe rimoti hiyo, na mbingu haijaanguka. Mie sikulelewa hivyo. Mie mtu wa shamba, kusini huko, na skuli nlifika darasa la pili, nkatolewa nkalee wadogo zangu. Nlichosomeshwa sana nyumbani ni kuona haya. Mama yangu akisikia kikohozi tu cha mume wa dada yangu nje ya mlango, basi mbio chumbani, mkate wa kumimina anauacha motoni uungue. Mkwe mwanamme humtazami usoni. Huli naye. Na kitu chochote cha chini ya kiuno hakitajwi akiwepo mtaani, seuze akiwepo ndani ya nyumba.

Na mie nkaja kuwa vivyo hivyo. Binti yangu kaolewa na kijana mzuri, mstaarabu, kazi yake kuwatembeza watalii kwenye mashamba ya viungo. Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba, na Kitaliano cha kuombea maji anacho. Wanakaa Chukwani. Mie nnakaa hapa hapa mjini Unguja, mtaa wa Malindi, vichochoroni, chumba cha chini. Miaka tisa ya ndoa ile, mie na yeye hatukuwahi kusemezana zaidi ya shikamoo na marahaba. Yaliyobaki yote yalipitia kwa binti yangu, na mjukuu alipojua kusema, yakawa yanapitia kwa mjukuu.

Ungetuona ungecheka. Mkwe kasimama mlangoni na kapu lake, mie nimesimama nyuma ya pazia, mtoto katikati.

"Mwambie bibi nimemletea samaki."

"Bibi, baba anasema kakuletea samaki."

"Mwambie baba'ako Mungu amzidishie."

"Baba, bibi anasema Mungu akuzidishie."

Na sote watatu tupo pale pale, mtu akinyoosha mkono anatugusa. Mie nlikuwa nkiona raha. Nkisema nyumba yangu ina heshima.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo pananiuma.

Mjukuu huyu ana miaka saba. Kabla ya Ramadhani alikuja kulala kwangu, nkawa namkogesha uani, akanishika mkono. "Bibi, mie nna kitu." Nkatazama. Kwenye kinena, upande wa kulia, pametuna, kadiri ya ndimu ndogo. Akikohoa kinatoka, akilala chali kinarudi ndani, kama hakijawahi kuwepo. Nliujua. Huo ni mshipa, wengine wanauita ngiri. Nimewaona nao watu wengi, wakubwa kwa wadogo.

"Unauma?"

"Hauumi. Lakini usimwambie mtu, bibi. Hasa baba."

"Kwa nini?"

"Naona haya."

Na mie, mwanamke mzima mwenye mvi, nkasikia neno hilo nkalipenda! Nkasema mtoto huyu kalelewa. Nkampaka mafuta ya nazi, nkamsomea, nkajisemea ntamwambia mama yake siku ikitulia. Siku haikutulia. Ukaja mwezi, ikaja sikukuu, mara nguo, mara biskuti, na kile kitu kikitoka kinarudi, kikitoka kinarudi, nkakizoea.

Basi siku hiyo ninayokupa khabari yake, binti yangu alikuwa anakwenda Pemba kumtazama shangazi yake mgonjwa. Jana yake jioni kaniletea mtoto, asubuhi akapanda meli. Mtoto kaamka mzima. Kanywa chai na mkate wa boflo, karamba na siagi kisuni. Kwenye saa tatu nlikuwa nachambua mchele, nkamsikia anaugua. Nkadhani anacheza. Nkaenda, nkamkuta kajikunja juu ya mkeka, magoti yamegusa kidevu, uso umeparama kama mtu aliyepakwa majivu.

Nkamlaza chali. Kile kitu kimetoka, na safari hii si ndimu, ni kokoto. Kigumu, kimoto, ngozi juu yake imeiva. Nkachovya kitambaa kwenye maji ya moto, nkajaribu kukirudisha taratibu kama nlivyozoea. Mwanangu! Alipiga ukelele jirani akafungua dirisha.

"Una nini na mtoto huko?"

"Tumbo," nkamjibu. "Kala embe mbichi."

Unaona? Neno la kwanza lililonitoka lilikuwa uwongo, na nlipolisema mara moja likawa ndilo njia, nkalifuata.

Simu yangu nimefundishwa hivi: nikibonyeza mbili muda mrefu nampata binti yangu, nikibonyeza tatu nampata mkwe. Mbili naibonyeza kila siku mpaka imefutika. Tatu sikuwahi. Nkabonyeza mbili. Yule mwanamke wa ndani ya simu akasema namba haipatikani. Nkabonyeza tena. Haipatikani. Binti yangu yupo katikati ya bahari, mtandao hakuna. Mtoto anaugua. Nkabonyeza tatu.

"Naam, mama!" Sauti ya mkwe ilikuja karibu vile, nkaona haya kama kaingia chumbani. Unajua nlifanyaje? Nkamwekea mtoto simu sikioni. Mtoto yule yule anayeumwa.

"Mwambie baba'ako aje, unaumwa tumbo."

"Baba," akasema, pumzi zinamkatika, "bibi anasema uje, naumwa tumbo."

Akaja mbio. Wageni wake kawaachia mwenzake huko mashambani. Akamnyanyua mtoto, na mie nkavaa buibui langu nkawafuata. Kwa vile alivyosikia ni tumbo, hakutaka kwenda kukaa foleni hospitali kubwa kwa ajili ya tumbo. Akatupeleka hospitali ndogo ya kulipia, humu humu mjini, ghorofani, ngazi kali kama ya mnarani. Pale kulikuwa na daktari wa kigeni wa watoto, kaja kwa miezi michache. Watu wakimsifu sana. Lakini Kiswahili chake kilikuwa jambo na ahsante, basi, vimekwisha. Siku zote alikuwapo nesi wa kike anayemtafsiria, na siku hiyo nesi kafiwa, kaenda Mkokotoni mazikoni. Mwandishi wa vyeti pale mlangoni akatuuliza, "Mna mtu anayejua Kiingereza?" Mkwe akasema, "Mimi hapa." Mie nkashusha pumzi. Nkasema bora, mkalimani wetu wenyewe.

Tukaingia. Daktari mrefu, kijana, pua nyekundu kwa jua, uso wa huruma. Kamlaza mtoto kitandani. Akauliza kitu. Mkwe akageuka, si kwangu, kwa mtoto.

"Muulize bibi yameanza lini maumivu."

Mtoto kajishika tumbo. "Bibi, yameanza lini?"

"Mwambie leo, saa tatu."

"Baba, leo saa tatu."

Mkwe akamwambia daktari. Daktari akatutazama, huyu, huyu, huyu, kama mtu anayetazama mpira. Akauliza tena.

"Muulize bibi, iliwahi kutokea kabla ya leo?"

Mtoto akanitazama. Macho yale siyasahau. Anajua mie najua. Akafungua kinywa, "Bibi, si kile..." Na mie, Mungu anisamehe, nkamfinya. Kidogo tu, kwenye mkono, huku natabasamu.

"Mwambie hapana. Embe tu."

"Hapana," akasema mtoto. "Embe."

Daktari akaminya tumbo la juu, akasikiliza kwa mipira yake ya masikioni, akagonga kwa vidole. Kisha akashika kamba ya kaptura, anataka kuilegeza atazame chini. Mtoto akaing'ang'ania kwa mikono yote miwili, baba yake kasimama pale. Na mkono wangu mie ukaenda wenyewe, ukakaa juu ya kaptura, nkacheka kidogo, nkasema, "Tumbo, daktari, tumbo." Nkaonesha kitovuni.

Yule kijana akarudisha mkono wake mara moja. Akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu. Nadhani kaambiwa alipokuja, wale ni Waislamu, wana mambo yao, usiwavunjie heshima. Basi akatuheshimu. Laiti asingetuheshimu!

Akatupa chupa ya dawa ya maji ya kutuliza tumbo. Akasema mengi, mkwe akatafsiri kwa mtoto, mtoto hakuyafikisha, kafumba macho. Mie sikuuliza. Nlitaka kutoka tu. Nkajisemea tukifika nyumbani ntamkanda tena, na binti yangu akishuka Pemba ntampigia, yeye atamwambia mumewe, mambo yatakuwa sawa. Yaani nlikuwa nahesabu saa za meli na mtoto anakauka mikononi mwetu.

Tukashuka. Tulipofika ngazi ya katikati, mtoto begani kwa baba yake, akatapika. Si chai. Kitu cha kijani, kibichi, kikamwagika mgongoni kwa baba yake na juu ya buibui langu. Akatapika tena. Kisha kichwa kikaanguka begani.

"Baba'ngu," mkwe akamwita. "We! Baba'ngu! Muulize bibi..." Hakuna wa kuniuliza. Mjumbe wetu hasemi tena, midomo imekauka, macho yanaona nusu.

Mwenzangu, nlisimama juu ya ngazi ile nkashika ukuta. Mkwe kasimama ngazi moja chini yangu, kanitazama, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza. Na mie nkamtazama. Nkaona ana kovu dogo juu ya nyusi. Miaka tisa sijui kama ana kovu.

"Mama," akasema. "Kuna kitu?"

Nkasema, "Rudi juu."

"Mama?"

"Rudi juu nakwambia! Usiniulize hapa!"

Tukapanda mbio, mie na magoti yangu haya. Mwandishi wa vyeti akasema daktari anatoka, keshafunga mkoba, ngojeni mpaka jioni. Mie sikumjibu, nkausukuma mlango. Daktari yumo, mkoba mkononi kweli. Akamwona mtoto, akauweka chini.

Sasa ndipo ikawa zamu yangu. Mtoto kitandani. Daktari upande huu, mkwe upande huu, wote wananitazama mie. Na ulimi umenigandia. Wallahi si maneno ya kuficha. Nlikuwa nataka kusema, na kinywa kinakataa. Nlimwona mama yangu mbele yangu, na mkate wake unaungua. Nkajaribu kumwonesha daktari kwa mkono, nkafika kiunoni, mkono ukarudi. Nkajaribu tena, ukarudi.

"Mama, sema," mkwe akasema. "Mama, nakuomba. Mwanangu huyu."

Nkachukua mtandio wangu nkajifunika uso wote, kama maiti. Nkageuka. Nkawapa mgongo wote, nkaweka kipaji cha uso ukutani. Ukuta wa rangi ya kijani, umebanduka, nauona kupitia kitambaa. Na nkausemesha ule ukuta.

"We ukuta," nkasema. "Mtoto huyu haumwi tumbo. Ana mshipa, kinenani, upande wa kulia. Nliuona kabla ya Ramadhani. Ulikuwa unatoka unarudi. Leo umetoka haurudi, umekuwa mgumu kama jiwe. Asubuhi nimeukanda kwa maji ya moto akapiga kelele. Embe hakula. Embe nimesema uwongo mie. Na alitaka kusema, nkamfinya."

Nkamaliza. Nkasema basi, huyu sasa atanitukana, na ana haki. Kisha nkamsikia mkwe anaanza Kiingereza, polepole, neno moja moja, sauti ya mtu anayepanda ngazi na mzigo. Hakuruka kitu. Nlijua hakuruka maana mwishoni, pale penye kufinya, alisita, halafu akamalizia.

Nkasikia kamba ya kaptura. Nkasikia mtoto analia, na nkafurahi kumsikia analia. Nkasikia daktari anasema neno moja, fupi, na neno lile sikuhitaji mkalimani.

Ikawa mbio sasa. Daktari akaandika barua amesimama, akapiga simu huku anaandika. Mkwe akaniambia mie, moja kwa moja, "Mama, utumbo umenasa kwenye tundu. Anataka apasuliwe leo, sasa hivi. Asinywe hata maji." Nkasema, "Ile dawa?" Akasema, "Hatukuwahi kumpa, mama. Alhamdulillahi." Chupa ile ilikuwa bado mfukoni mwake, haijafunguliwa.

Vichochoro vya kwetu gari haipiti, unajua. Mkwe kakimbia na mtoto kifuani, mie nyuma, viatu nimevishika mkononi, watu wa barazani wanauliza "Kheri? Kheri?" na mie nawajibu "Mshipa! Mjukuu wangu ana mshipa!" Yaani neno lile likishatoka halikutaka kurudi ndani tena. Nlimwambia muuza kahawa, nlimwambia dereva wa teksi, dereva akasema, "Bibi, keti kwanza."

Hospitali kubwa tukaonesha barua, hatukukaa foleni. Daktari wa upasuaji ni kijana wetu wa hapa hapa, Kiswahili chetu. Akauliza, "Nani anayajua ya mtoto huyu?" Mkwe akanyoosha kidole kwangu. "Mama ndiye anayejua." Na pale, mwenzangu, bila ukuta, bila mtandio, mkwe wangu ubavuni, nkayasema yote upya tangu Ramadhani. Akaniuliza kala saa ngapi, nkamwambia chai na boflo, saa moja na nusu, na siagi kairamba. Akauliza tulimpa dawa gani ya kienyeji, nkamwambia mafuta ya nazi na kumkanda. Akasema, "Vizuri umesema, bibi. Usimkande mtu tena." Nkasema, "Naam."

Wakamchukua. Mlango ukafungwa.

Sijui ulikuwa muda gani. Adhuhuri iliadhiniwa tupo pale, alaasiri ikaingia tupo pale. Tumekaa benchi moja, mie mwanzo, yeye mwisho, na katikati pametoshea mtu mmoja, pahali pa mtoto. Kila mlango ukifunguliwa tunasimama wote wawili. Anatoka mfagiaji. Tunakaa. Anatoka mtu na ndoo. Tunakaa. Nlikuwa namwomba Mungu huku najiambia, akifa huyu umemuua weye kwa vidole viwili, vile ulivyomfinyia.

Mwisho nkasema, natazama sakafu, "Baba, nisamehe."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisamehe. Ningesema asubuhi, angekuwa keshapasuliwa."

Akajikuna shingo. "Mama, hata mimi niliwahi kuwa nao."

"Nini?"

"Huo huo. Upande huo huo. Nlipasuliwa nikiwa darasa la tatu."

Nkamgeukia. "Wewe? Na mke wako anajua?"

"Anajua."

"Binti yangu mie? Mbona hakuniambia? Ningejua mapema mtoto kaurithi kwa nani!"

"Angekwambiaje, mama?" akasema. "Angeanzia wapi? 'Mama, mume wangu alikuwa na...'"

Nkajiziba kinywa. Cheko lilinitoka, sikutaka, lilinitoka tu, la machozi, na yeye akacheka, kaficha uso kwenye viganja, mabega yanatikisika, sijui ni kicheko au kilio. Mwanamke mmoja aliyekaa mbele yetu akatutazama kwa hasira. Tukarudi kuutazama mlango.

Simu yake ikalia. Binti yangu, keshashuka Pemba, kaona nimempigia, na simu yangu mie nliiacha nyumbani. Mkwe akaitazama ile simu, kisha akanipa mie.

"Mama, we mwambie."

Nkamwambia. Kila kitu, kwa jina lake. Upande wa pili binti yangu kalia, kisha akasema, "Mama, mwenye simu hii yuko wapi?" Nkasema, "Yupo hapa, tumekaa naye." Akauliza, "Mmekaa pamoja?" Nkamwambia, "Wee, hilo baadaye. Muombee mtoto."

Daktari akatoka kabla ya magharibi. Kavua kofia yake ile ya kijani. Mie nlisimama nkashindwa, mkwe akanishika kiwiko, na nkamwacha anishike. Akasema utumbo ulikuwa umeanza kubadilika rangi. Wameutazama, wakaungoja, ukarudi kuwa mwekundu. Hawakukata kitu. Wameziba tundu. "Mngechelewa mpaka jioni," akasema, halafu hakumaliza, na mie sikumuuliza amalizie.

Nlikwenda baadaye kumshukuru yule wa kigeni, nkamchukulia sahani ya kashata na nesi akanitafsiria. Nkamwomba kitu kimoja: mtoto akija kwako, bibi akicheka akakuzuia mkono, usirudishe mkono wako. Mwite mwanamke, mtoe baba nje, mgeuze bibi ukutani, fanya utakavyo, lakini tazama. Nesi kanitafsiria, na daktari akatoa daftari akaandika. Sijui kaandika nini. Nesi kanambia siku hizi mtoto akiletwa, daktari mwenyewe huwatoa wanaume kwanza, ndipo anamuuliza mama au bibi. Kina mama, anasema, hapo ndipo wanapofunguka kama mabomba.

Lakini nkurejeshe wodini, siku ya pili yake. Mtoto keshaamka, anataka juisi, anakatazwa. Baba yake kenda kuswali. Nkavuta kiti, nkakaa karibu, nkaushika mkono wake, pale pale nlipomfinya.

"Bado panauma?"

"Hapa? Hapa pamepoa zamani, bibi. Kule ndiko kunakouma."

"Nlikukosea. Ulitaka kusema kweli, nkakuzuia."

Akafikiri. "Baba anasema ulimwambia daktari wewe mwenyewe. Mbele yake."

"Nlimwambia."

"Bila ya mie?"

"Wewe ulikuwa umelala. Nani angenisemea?"

"Na baba ukamtazama?"

"Nlitazama ukuta."

Akaanza kucheka, kisha akajishika bandeji, "Bibi usinichekeshe, inauma, inauma," na macho yanamtoka machozi, mie nampepea kwa upindo wa kanga. Alipotulia nkamwambia, sasa nipe ahadi. Nkamwambia kuona haya ni kitu kizuri, lakini haya haiwekwi juu ya maradhi. Nkamwambia sitaki tena unambie nisimwambie mtu, na mie sitokufinya tena maisha yangu.

Akaitazama dari, kama mzee anayepanga posa. Kisha akanipa kidole chake kidogo nkishike.

"Nnakuahidi, bibi," akasema. "Popote patakaponiuma ntasema siku ile ile, kwa jina lake, hata baba akiwepo, hata mwalimu wa chuoni akiwepo. Na wewe ukiumwa pahala ukaona haya, usihangaike na ukuta. Niite mie, ntakwenda na wewe kwa daktari, ntakusemea."